Uzi: Kazi ileile, mshahara uleule, mji tofauti. Nani ana nafuu, mfanyakazi wa Kampala au wa Arua?

Mtoto_wa_Enyau:

Ndugu zangu, salaam. Kila nikisikia watu wakizungumza juu ya kazi za jijini na za miji ya mikoani, mazungumzo yanaishia kwenye pesa. Mtu akihamishwa kutoka Kampala kuletwa Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, wenzake wanampa pole. Akitoka Arua akapata kazi Kampala, anapewa hongera kabla hajaulizwa atapanga wapi, atafikaje kazini na mkataba wake unasemaje.

Mimi ni mhasibu. Nimefanya kazi ileile kwa mwajiri mmoja, kwanza Kampala halafu Arua, na mshahara haukubadilika hata shilingi. Vingine vyote vilibadilika.

Kampala nilipanga Bweyogerere, ofisi iko upande wa Lugogo. Ukitazama ramani utasema ni karibu. Anayeijua barabara ya Jinja asubuhi hawezi kusema hivyo. Ukichelewa kidogo kuondoka, taksi inakwama Kireka, inakwama tena Banda, ikifika Nakawa dereva anazima injini asiunguze mafuta bure. Ndani mmebanana, kila mtu anaangalia saa kwenye simu, hakuna anayeongea. Jioni mvua ikinyesha kondakta anataja nauli mpya palepale mlangoni, na huna budi kupanda, kwa sababu ukisubiri mvua ikatike barabara nazo zimejaa maji. Nilikuwa naondoka watoto wamelala na kurudi watoto wamelala. Habari zao nilisimuliwa na mama yao kama mgeni aliyepita kusalimia.

Na hali hii si yangu peke yangu. Sensa ya 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.4 wilaya ya Wakiso inayoizunguka Kampala, wakati Kampala yenyewe haikufika milioni 2. Wako wengi wa Wakiso ambao mchana wako Kampala. Kodi za nyumba zimewasukuma nje ya jiji, na tofauti wanailipa kwa saa za maisha yao, asubuhi na jioni.

Wachumi wawili, Alois Stutzer na Bruno Frey, walilichunguza jambo hili kwa takwimu za Ujerumani wakachapisha matokeo mwaka 2008. Hesabu za uchumi zinasema mtu akikubali safari ndefu ya kwenda kazini, basi lazima kuna kinachomfidia: mshahara mnono, au nyumba nzuri kwa bei nafuu. Wao wakakuta sivyo. Wenye safari ndefu waliridhika na maisha yao kidogo kuliko wenye safari fupi, fidia au si fidia. Na huko kuna treni. Sembuse sisi wa taksi ya abiria 14.

Sasa Arua. Naishi Mvara, naenda kazini kwa miguu. Mchana narudi nyumbani, nakula enyasa, ugali wa huku, na samaki wetu angara pamoja na wanangu, narudi ofisini kabla ya saa nane. Kodi ninayolipa haifiki nusu ya ile ya Bweyogerere, na nina ua. Presha iliyokuwa ikinisumbua imeshuka, na hayo ni maneno ya daktari.

Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba muda ni sehemu ya mshahara, na hatuuhesabu. Nataka kusikia kwenu, mlioko Jinja, Mbarara, Gulu, mipakani, popote. Mji wako unakufanyia nini wewe kama mfanyakazi?

Kireka_Juu:

Mzee, ua na angara nimevisikia. Swali langu ni moja. Mwajiri wako akifunga ofisi ya Arua kesho, utafanya nini?

Mimi niliachishwa kazi hapa Kampala. Nilizunguka na vyeti vyangu Nakasero, nikapanda hadi Kololo, nikashuka barabara ya viwandani, na haukupita muda mrefu nikapata pengine. Mshahara mdogo kidogo, lakini kazi. Foleni naichukia kama wewe. Ila nalala nikijua kwamba bosi akinionea, kuna milango mingine. Huo nao ni usingizi. Mji wenye waajiri wachache unakufanya umwogope bosi hata akiwa mtu mzuri.

Mtoto_wa_Enyau:

Ndugu yangu, hapo umegusa penyewe, na Arua tumeyaona hayo kwa macho. Ajira nyingi za wenye vyeti huku zilitegemea mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Sudan Kusini katika kambi za Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp. Mikataba ya mwaka, mingine ya miezi sita. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu walipokea barua za kusimamisha kazi wakiwa njiani kwenda kambini. Madereva, wauguzi, wakalimani, wapishi. Jirani yangu alikuwa na mkopo wa kiwanja. Kampala angezunguka na vyeti kama ulivyozunguka wewe. Hapa alizunguka mtaa mmoja akawa amemaliza.

Kwa hiyo sisemi mji mdogo ni pepo. Nasema vitu viwili vinapimwa kwa mizani mbili tofauti: siku yako ya leo inavyokwenda, na hofu yako ya kesho. Arua ilinipa siku nzuri. Hofu ya kesho imebaki, na kwa wengine imezidi.

MwalimuMbarara:

Salaam kwenu. Sisi walimu wa serikali ndio mfano safi wa swali lako, kwa sababu ngazi ya mshahara ni moja nchi nzima. Mwalimu wa daraja langu aliyeko Kampala na mimi niliyeko Mbarara tunapokea sawa. Yeye analipa chumba na nauli. Mimi naishi nyumba ya shule, nina migomba nyuma ya jiko, na maziwa nanunua kwa jirani anayekamua mwenyewe. Mji umenipandishia mshahara bila wizara kujua.

Lakini kuna kidonda ambacho mji hauwezi kukitibu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada kufika milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa masomo ya sanaa tukabaki palepale, na Juni mwaka huo tukagoma. Julai, Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Yaani somo langu ni la lazima kwa taifa, na mimi naingia chumba cha walimu nakaa meza moja na mtu tuliyesoma chuo pamoja, tunayefundisha vipindi sawa, anayenizidi kwa mamilioni. Chai tunakunywa birika moja. Hatuchekani tena kama zamani. Migomba haitibu hilo, na ningekuwa Kampala lingekuwa vilevile.

Niongeze kwamba serikali yenyewe inakubali kuwa mahali pana uzito. Tangu 2010 kuna utaratibu wa kuwaongezea asilimia 30 ya mshahara wa msingi watumishi wa maeneo magumu kufikika, kama Kalangala kule visiwani na wilaya za Karamoja. Ukimya wa kisiwa umepewa thamani yake. Foleni ya Nakawa haijapewa.

DadaWaNjeru:

Naomba niseme upande wa viwandani, maana naona hapa wamejaa watu wa ofisi.

Niko Njeru, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja. Watu wa Kampala wakija huku wanapiga picha darajani, wanasema mna hewa nzuri, mna Nile. Ni kweli. Na ni kweli kwamba naenda kazini kwa miguu, na mama yangu yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtoto anashinda kwake. Dada zangu walioko Kampala wanalipa msichana wa kazi, na bado mchana kutwa roho iko juu. Hiyo nafuu siikatai.

Lakini njoo uone getini saa kumi na mbili asubuhi. Tunasimama nje, wanawake upande huu, wanaume ule. Msimamizi anatoka na karatasi, anasoma majina ya wa siku hiyo. Ukisikia jina lako unaingia mbio, asije akabadili mawazo. Usiposikia unasubiri kidogo, labda kuna aliyeumwa, halafu unarudi nyumbani. Mtu amefanya kazi pale miaka, bado ni kibarua wa siku. Ukiugua hulipwi. Sheria inasema mwanamke akijifungua anapata siku 60 za kazi na mshahara wake kamili. Mimi nilirudi getini mtoto akiwa mchanga kabisa, maziwa yanatoka yanalowesha nguo, kwa sababu jina lisiposomwa wiki kadhaa linasahaulika.

Na nani utamlalamikia? Msimamizi anaishi mtaa wetu. Mke wake yuko kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Ndugu yangu wa Kireka amesema mji wenye waajiri wachache unakufanya umwogope bosi. Huku tunamwogopa hadi mke wa bosi.

Jinja ulikuwa mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Wazee wetu wanasimulia wafanyakazi waliokuwa na nyumba za kampuni na zahanati ya kampuni. Sisi tunasomewa majina.

WakalaMalaba:

Malaba, hapa mpakani na Kenya, ni mji mdogo, unaumaliza kwa miguu. Lakini kazi yetu ya kutoa mizigo forodhani haina usiku wala mchana. Nyaraka zinatumwa mzigo ukiwa bado Mombasa, dereva anapiga simu saa nane za usiku yuko mstarini hati imegoma, mteja wa Kampala anapiga alfajiri, mteja wa Juba anapiga wakati wa chakula. Nina nyumba karibu, sina foleni ya taksi, na bado sijui usingizi wa saa sita mfululizo unafananaje. Januari 2022, madereva walipogomea vipimo vya korona vya kulipia, msururu wa malori ulirudi nyuma Kenya kilomita na kilomita, na sisi tulikuwa tunalala kwenye viti.

Kwa hiyo msipime mji kwa ukubwa peke yake. Kuna miji midogo ambayo jiji limeingia ndani ya simu za watu wake.

Muuguzi_wa_Magharibi_Nile:

Asanteni kwa mazungumzo haya, nimesoma yote. Nazungumza kama mtu ninayepokea wagonjwa.

Wafanyakazi wanaokuja kwetu hawasemi "nina msongo wa mawazo". Wanasema kichwa kinagonga, tumbo la juu linawaka, moyo unakimbia, usingizi hakuna. Tunapima malaria, hakuna. Ukimkalisha ukamuuliza kazi inaendaje, anatazama mlango kwanza kama umefungwa. Kisha anaanza: mkataba unaisha mwezi ujao, bosi hasemi kitu, ada ya shule haijalipwa.

Hospitali za rufaa za mikoa zina idara za afya ya akili, si lazima mtu apande basi la usiku kwenda Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala. Lakini katika mji wetu, ukionekana umekaa kwenye benchi la idara ile, habari itafika kazini kabla yako. Kampala hakuna anayekujua kwenye benchi. Nimeona mtu akisafiri karibu kilomita 500 kwenda kutibiwa mahali ambapo hakuna atakayemsalimia kwa jina. Hili halimo katika hesabu za kodi na nauli, na ni zito.

Upande wa pili, ninapomwona mgonjwa huyohuyo amekuja na shemeji, jirani na mtu wa kanisani, wote wamebeba chakula, najua atapona haraka kuliko yule anayeugulia chumba cha Kampala ambacho wenye nyumba hawajui hata anaitwa nani. Macho yaleyale yanayokuchunguza ndiyo yanayogundua kwamba hujaonekana siku mbili.

Yeyote anayesoma hapa mwenye dalili nilizozitaja, usiendelee kumeza panado. Nenda ukamwambie daktari na habari za kazi pia.

AskariWaZamu:

Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Kampala. Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kazi, ndiyo maana nimeweza kuwafuata. Naomba ushauri wa kweli.

Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, mara nyingine saba kama mwenzangu hakufika. Wa kunipokea akichelewa siwezi kuacha bunduki, nasubiri. Nalala mchana Katwe, chumba cha bati, jua linawaka, nje wanagonga vyuma. Saa tatu za usingizi nikibahatika. Mwezi ukiisha wanakata hela ya sare na hela nyingine wasizozieleza.

Nimeomba uhamisho kwenda Soroti, nikae karibu na mama na shamba. Wamekubali, ila wamesema mshahara wa Soroti ni mdogo kuliko wa Kampala, kazi ileile, bunduki ileile. Wanasema maisha ya kule ni rahisi. Niende au nibaki? Na wana haki ya kunipunguzia?

Kireka_Juu:

Afande, pole sana kwa kweli. Nilidhani nitakuambia ubaki, lakini kwa saa hizo usibaki. Milango mingi ya Kampala niliyoisifia ni ya mtu anayepata nafasi ya kuizungukia mchana. Wewe mchana wako umeshachukuliwa.

Mtoto_wa_Enyau:

Afande, nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo lako limebeba uzi mzima.

Kwanza saa. Saa 12 mara siku 6 ni saa 72. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kawaida. Kwa kazi za zamu siku moja inaweza kuzidi, lakini ukichukua wastani wa wiki tatu isipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya taifa mara mbili. Na baada ya siku sita mfululizo una haki ya kupumzika saa 24. Kwa hiyo unawadai usingizi na unawadai pesa.

Pili, makato. Kila malipo lazima yaje na karatasi inayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Iombe kwa maandishi. Angalia humohumo NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi: wewe asilimia 5, mwajiri asilimia 10 juu yake. Tangu marekebisho ya 2022 hakuna mwajiri wa kusema sisi ni wachache hatuhusiki. DadaWaNjeru, na wewe liangalie hili, hata kama wanakuita kibarua.

Tatu, kukupunguzia. Hapa ndipo nchi yetu imewaacha wafanyakazi. Kima cha chini cha mshahara kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya Februari 2019, Rais hakuutia saini. Basi kampuni inaweza kupanga bei ya Kampala na bei ya Soroti itakavyo, mradi mfanyakazi amekubali. Neno ni hilo: amekubali. Mshahara ulio kwenye mkataba wako haubadilishwi kwa mdomo. Wakitaka kuushusha, waandike, na wewe usitie saini siku hiyohiyo.

Rafiki yetu Mwalimu amesema mji ulimpandishia mshahara. Kampuni yako imeona jambo hilohilo, ikaamua nafuu ya Soroti iwe faida yake. Chumba kikiwa rahisi, ile tofauti ni ya kwako, ni ya mama na shamba. Naumia kuona inachukuliwa kabla hujafika.

Ushauri wangu: nenda Soroti, lakini usiende kimyakimya. Barua ya uhamisho iseme utumishi wako unaendelea bila kukatika, kwa sababu likizo inahesabiwa kwa miezi uliyotumikia mfululizo, siku 7 kwa kila miezi minne. Iandike saa za zamu na mshahara. Wakikataa, malalamiko yanaanzia kwa afisa kazi. Hapo ulipo yuko wa jiji, tena huko hakuna mke wa bosi anayekujua, itumie nafasi hiyo kabla ya kuhama. Zikipita siku 90 bila suluhisho, shauri linaweza kwenda Mahakama ya Viwanda.

DadaWaNjeru:

Nimeisoma hiyo ya siku 90 na NSSF. Tuko wanawake kama kumi tulioanza pamoja. Mmoja akienda peke yake jina halisomwi. Tukienda wote hawana wa kumsoma. Nitawaambia Jumapili.

MwalimuMbarara:

Dada, andikeni tarehe mlizoingia kazini, kila mmoja kwa mkono wake, kabla ya kwenda. Afisa atauliza hilo la kwanza.

AskariWaZamu:

Nashukuru wote. Nitaenda kwa afisa kazi Jumatatu nikitoka zamu, kabla sijalala. Daftari la zamu lina saini yangu ya kuingia na kutoka kila siku, liko hapa mezani mbele yangu. Usiku huu nalipiga picha kurasa zote.

Muuguzi_wa_Magharibi_Nile:

Afande, piga na jalada lenye jina la kampuni. Na picha uzitume kwa mtu wa nyumbani, zisikae kwenye simu yako peke yake.